Nisubiri mpinzani atoe kadi mpya ndipo ninunue? Jibu langu kuhusu vita vya bei za kadi za grafiki

Wakuu, mleta mada ameuliza mambo mawili. La kwanza: Nvidia inashindana na AMD tangu zamani, na sasa Intel nayo imeingia, iweje kadi za grafiki zizidi kupanda bei badala ya kushuka? La pili: anataka kuunganisha kompyuta ya gemu na amesikia tetesi za kadi mpya, je, asubiri mpinzani azindue ili bei zishuke au anunue sasa? Wengi waliotangulia wamejibu kwamba kampuni hizi zimekaa chini zikapangiana bei, basi.

Nimeunganisha kompyuta za gemu na za kazi kwa miaka mingi, zangu na za watu wengine, na hili swali la kusubiri huulizwa na karibu kila mtu mwenye bajeti ya kubana. Naomba nijibu kwa kirefu, maana jibu la "wamepangiana" linamwacha muulizaji palepale alipokuwa.

Tuanze na hilo la kupangiana. Mwaka 2006 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizitaka Nvidia na AMD zikabidhi nyaraka, ikichunguza ushindani katika soko la kadi za grafiki. Uchunguzi ulifungwa 2008 bila mashtaka. Lakini hata pasipo kikao chochote cha siri, kampuni mbili zinaweza kujikuta kwenye bei zinazokaribiana, kwa sababu kila moja inaiona bei ya mwenzake na inajua ikishusha itajibiwa siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya soko hili. Kinachostahili kuchunguzwa ni zile nyakati chache ambazo haikuwa hivyo.

Kwa nilivyofuatilia, bei huporomoka pale mshindani mdogo (mwenye wateja wachache, kwa kawaida AMD) anapokuwa na mambo mawili kwa pamoja: chipu yake ni rahisi kuitengeneza kuliko ile ya mkubwa inayoshindana nayo, na anahitaji wateja kuliko anavyohitaji faida nono kwa kila kadi. Likikosekana moja tu, anaitazama bei ya mkubwa, anapunguza dola 50 hivi, kisha wanapanda wote.

Mwaka ambao mambo hayo mawili yalikutana vizuri kuliko wakati wowote ni 2008. AMD ilikuwa imeinunua ATI, kampuni ya kadi za grafiki, miaka miwili nyuma kwa dola bilioni 5.4, na mwaka 2007 ilitoa Radeon HD 2900 XT, kadi iliyochelewa, iliyokuwa na joto na yenye kula umeme, ambayo haikuweza kuifikia kadi ya juu ya Nvidia. Kampuni ilikuwa na madeni, ilihitaji wateja kwa hali yoyote. Na wahandisi wake walikuwa wameshafanya uamuzi ambao hadi leo nauona wa kijasiri kuliko wote katika biashara hii: wakaacha kutengeneza chipu kubwa kupita zote, wakatengeneza ya kati.

Juni 2008 Nvidia ikazindua GTX 280 kwa dola 649 na GTX 260 kwa dola 399. Chipu iliyokuwa ndani yake ilikuwa na ukubwa wa milimita za mraba 576, jitu kwelikweli. Siku chache baadaye AMD ikatoa HD 4870 kwa dola 299 na HD 4850 kwa dola 199, chipu yake ikiwa milimita za mraba 256, chini ya nusu. Na HD 4870, iliyokuwa ya kwanza kutumia memori ya GDDR5 yenye kasi zaidi, ilikuwa inakwenda bega kwa bega na GTX 260 na kwenye gemu nyingi inaipita. Hapo Nvidia haikuwa na pa kujificha. Ndani ya wiki chache GTX 280 ikashuka hadi dola 499, na GTX 260 hadi 299.

Ukubwa wa chipu ni jambo ambalo wachangiaji wengi hulipita, nami nalishikilia kwa sababu ndilo linaloamua nani ana nafasi ya kushusha bei. Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni ya duara, na kiwanda hutoza kwa sahani nzima. Chipu ikiwa kubwa, sahani moja inatoa chache, na vumbi au kasoro ndogo ikiangukia mojawapo unapoteza eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo mwenye chipu ya 256 anaweza kuuza kwa dola 299 na bado akapata kitu. Mwenye chipu ya 576 akimfuata kwenye bei hiyo, anauza huku roho inamuuma. Nvidia ilimfuata kwa sababu ilikuwa inapoteza wateja, si kwa hiari.

Oktoba 2013 hali hiyo ilijirudia kwa kiasi. AMD ilitoa R9 290X kwa dola 549, chipu ya milimita za mraba 438 dhidi ya 561 ya Nvidia, na GTX 780 ikatoka dola 649 hadi 499 kabla mwezi haujaisha. Kasoro yake ilikuwa kelele na joto la feni ile ya kiwandani, na sifa hiyo mbaya iliibakia hata baada ya kampuni nyingine kuifungia feni nzuri.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 2018 Nvidia ilizindua RTX 2080 Ti kwa bei elekezi ya dola 999, na ile iliyotengenezwa na Nvidia yenyewe ikauzwa 1,199. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, GTX 1080 Ti ilitoka kwa dola 699. AMD haikuwa na kadi yoyote ya kugusa kiwango hicho, na bei ikapangwa na mtu mmoja. Huo ndio wakati ambao watu wengi ninaowashauri walianza kuniambia kwamba wanahamia daraja la chini: aliyekuwa ananunua ya juu akanunua ya kati, wa kati akanunua ya chini au ya mtumba.

Julai 2019 kulikuwa na mvutano mdogo ambao unafundisha. AMD ilikuwa imetangaza RX 5700 XT kwa dola 449 na RX 5700 kwa 379. Nvidia ikaleta kadi zake za Super, yaani matoleo yaliyoongezwa nguvu. Siku mbili kabla ya kadi za AMD kuingia sokoni, bei zikashushwa hadi 399 na 349. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini tazameni kiwango: ni dola 50 na 30. Pande zote mbili zilikuwa zinasogezana polepole, hakuna aliyekuwa tayari kuumia kama 2008.

Kipindi cha 2020 hadi 2022 nakipita haraka kwa sababu bei za wakati ule hazikuwa za ushindani kabisa. RTX 3080 ilitangazwa dola 699, RX 6800 XT 649, na karibu hakuna aliyeziona kwa bei hizo. Wachimbaji wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum, wanaotumia kadi hizi kuizalisha, walikuwa wanabeba kila kilichopo, viwanda vimezidiwa, wachuuzi wanazidisha mara mbili. Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji wa kutumia kadi, na soko la mtumba likafurika.

Hapo wengi tulitarajia vita. Mahitaji yameanguka, maghala yamejaa, AMD ina kadi mpya. Kilichotokea kilinisikitisha sana. Nvidia ilitangaza RTX 4080 ya GB 16 kwa dola 1,199, pamoja na "4080" nyingine ya GB 12 kwa dola 899 iliyokuwa na chipu tofauti kabisa. Kelele za wanunuzi zikaifanya iiondoe kabla haijafika sokoni, ikarudi Januari 2023 kama RTX 4070 Ti kwa dola 799. Yaani hasira za watu zilishusha dola 100 na jina likabadilika. Na AMD je? Ilileta RX 7900 XTX kwa dola 999 na RX 7900 XT kwa dola 899. Hiyo ya pili haikuwa na mantiki: tofauti ya dola 100 tu na kaka yake, lakini nguvu imepungua sana. Miezi michache baadaye ilikuwa inauzwa chini kabisa ya bei yake ya uzinduzi. Kwa bei ile ya baadaye ilikuwa kadi nzuri, nimeifunga kwenye kompyuta zaidi ya moja na wenyewe wanaifurahia hadi leo. Ila mapitio yote ya siku ya kwanza yalishaandikwa kwa bei ya 899, na mtu anayetafuta ushauri mtandaoni huyakuta hayo.

Hili ndilo kosa ninalolilalamikia AMD kuliko yote. Inazindua kwa bei inayokaribia ya Nvidia, inasemwa vibaya, kisha inashusha kimyakimya wakati hakuna anayetazama.

Kwa nini hairudii ya 2008? Kwa sababu leo hailazimiki. AMD na Nvidia zote zinatengenezewa chipu na kiwanda kimoja, TSMC cha Taiwan, na AMD ikipata sahani ya silikoni inaweza kuchagua itoe humo prosesa za seva zenye faida kubwa au kadi za gemu zenye faida ndogo. Kwa Nvidia ndiyo usiseme. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2025 iliingiza dola bilioni 130.5, na kati ya hizo bilioni 115.2 zilitoka kwenye vituo vya data, yaani akili bandia. Gemu zilileta takriban bilioni 11.4. Ukiwa na wateja wanaopigania chipu zako kwa bei ya kutisha, huna haraka ya kushusha bei ya kadi ya mcheza gemu. Akiondoka, sahani ile ina mwenyewe.

Intel ndiyo inayonivutia zaidi sasa hivi, kwa sababu kati ya yale mambo mawili ya mwanzo ina moja na haina la pili. Inahitaji wateja mno, ndiyo maana Desemba 2024 ilitoa Arc B580 yenye memori ya GB 12 kwa dola 249, wakati RTX 4060 ya dola 299 ilikuwa na GB 8. Lakini chipu ya B580 ina milimita za mraba 272 na ya RTX 4060 ina 159 hivi. Intel inatumia silikoni nyingi zaidi kupata nguvu inayolingana, inauza kwa bei ya chini, kwa hiyo haina sababu ya kumwaga mzigo mkubwa sokoni. Draiva zake zimeboreka sana tangu zile za kadi yake ya A770 ya 2022. Kinachobaki ni kuipunguza chipu. Ikifanikiwa hapo, mtaona bei za daraja la chini zikitikisika.

Na sisi wanunuzi tuna sehemu yetu. Watu huja wakitamani AMD ishushe bei, nikiuliza wataichukua, wanajibu hapana, wanataka Nvidia ishushe ndipo wachukue ya Nvidia. Nawaelewa. Mtu anayefanya kazi ya michoro ya 3D au anayejifunza akili bandia anahitaji CUDA, mfumo wa programu wa Nvidia ambao programu nyingi za kazi hizo huutegemea, na DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha ili gemu liende kasi, imekuwa bora kuliko FSR ya AMD kwa miaka. Lakini AMD nayo inayajua hayo. Kama bei ikishuka dola 100 haiongezi wateja, basi imepoteza dola 100 kwa kila mteja iliyekuwa naye tayari. Mtu yeyote mwenye hesabu ataacha kushusha.

Sasa, mkuu mleta mada, kusubiri au kununua. Inategemea unanunua daraja gani. Kama ni la juu kabisa, hakuna wa kumsubiri: katika kizazi cha RX 9000 AMD iliamua kutoshindana na RTX 5090 ya dola 1,999 wala RTX 5080. Ukiipata mojawapo kwa bei elekezi na unaihitaji kweli, chukua.

Daraja la kati ndilo lenye mvutano. Machi 2025 RX 9070 XT ilitoka kwa dola 599 ikikabili RTX 5070 Ti ya 749, na hiyo ni tofauti ya maana kwa kadi zinazokaribiana nguvu, ingawa muda mrefu zote mbili ziliuzwa juu ya bei elekezi. Hapa subiri kama tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa rasmi na ni suala la wiki. Tetesi zisizo na tarehe usizisubiri, kwani memori nayo inavutwa na vituo vya data na kadi ya leo inaweza kuwa ghali zaidi utakaporudi. Siku ya uzinduzi usikimbilie. Soma mapitio, angalia bei halisi dukani badala ya ile ya kwenye jukwaa la uzinduzi, na uangalie pia kadi za kizazi kinachotoka, kwa sababu muuzaji mwenye mzigo wa zamani hushusha kabla ya mtengenezaji.

Daraja la chini, usinunue ya GB 8 kwa gemu mpya kama unaweza kuikwepa. Taja kioo chako ni cha ukubwa gani, gemu unazocheza na pawa saplai uliyonayo, nikuchagulie.