Mpe anayekuokoa kazi nyepesi

Watu wakisikia nimewahi kuishi chomboni huniuliza habari za dhoruba. Wanataka mawimbi. Miaka niliyolala juu ya mashua ya mizigo, tukipeleka chumvi, nazi na mbao kati ya Kilwa, Lindi na Mikindani, misukosuko yetu mingi ilikuwa midogo ya kuudhi tu: mashine kuzima, nanga kunasa mwambani, demani (kamba ya kuongozea tanga) kukatika, chombo kukaa juu ya fungu huku watoto wa kijiji wanatucheka. Na karibu kila mara aliyetutoa alikuwa mtu tusiyemjua hata jina.

Namna ya kuepuka balaa atakufundisha nahodha wako. Mimi nataka kusema namna ya kusaidiwa, maana hilo halifundishwi. Mvuvi anayegeuza boti kuja kwako ameacha kitu: maji yake ya kuvulia, petroli yake, barafu inayoyeyuka kwenye sanduku. Hatakutajia gharama hiyo. Mpunguzie.

Kwanza kamba. Msimu mmoja wa kusi mashine yetu ilizima kusini ya Sudi, petroli tuliyouziwa ilikuwa na maji. Kusi inakuja na upepo wa mbele kwa anayeshuka Mtwara, kwa hiyo tanga peke yake lilimaanisha kubisha, yaani kwenda upande upande kupingana na upepo, mchana kutwa na mzigo wa chumvi tumboni. Wakatokea wavuvi wa jarife, wavu wa matundu makubwa, wanarudi. Mzee aliyeshika usukani hakuuliza tumepatwa na nini.

"Kamba yenu iko wapi?"

Tulipomwonyesha, ndefu, imekunjwa vizuri kwenye omo, mbele ya chombo, ndipo akaitikia shikamoo zetu. Baadaye akatueleza kwa nini. Kuna watu aliwahi kuwavuta, wakafunga kamba kwenye ubao wa kukalia. "Nikafika Mikindani na ubao," alisema. "Watu ikabidi niwarudie."

Basi weka kamba nzima isiyo na viungo, na ifungwe kwenye shina la mlingoti, siyo kwenye ubao wala kwenye pete iliyopigiliwa misumari. Iwe ndefu kiasi kwamba vyombo viwili visivutane kwa kishindo kila wimbi linapopita. Watu wasogee nyuma, omo inyanyuke, na wako wa usukani afuate tezi, yaani nyuma ya chombo, ya anayevuta badala ya kukaa bure akidhani sasa amekuwa abiria. Asisimame mtu kwenye mstari wa kamba, kwa sababu nailoni ikikatika inarudi kwa nguvu ya kuvunja mtu. Kisu kiwe karibu. Yote haya uyamalize kabla boti yao haijafika ubavuni, wasije wakazunguka na kuunguza mafuta wakikungoja.

Na kuhusu hiyo petroli: maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini. Dumu liache litulie, mimina kidogo kidogo, na kile cha chini kabisa kiangalie kwenye chupa nyeupe kabla ya kukitia. Kitambaa cha kuchujia kinazuia taka, maji yanaweza kupita.

Kupwelewa, yaani maji kupwa na kukuacha juu ya fungu, ni habari nyingine, na hapo msaada hutoka nchi kavu. Tulipwelewa karibu na Mchinga, maji yanatoka kwa kasi ya bamvua, siku za maji makubwa. Wakatukuta akina mama wanaotafuta pweza, vyuma mkononi na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekiwekea nini kisilale?"

Hilo ndilo swali. Chombo chenye mkuku, ule uti wa chini, kikiachwa na maji hulala ubavu, na maji yakirudi yanaweza kuingia kabla hakijanyanyuka. Kinahitaji magadi, yaani miti ya kukitegemeza pande zote mbili. Sisi tulikuwa na upondo tu, mti mmoja wa kusukumia chombo. Yule mama akatuma kijana, na baada ya muda zikaja boriti za nyumba iliyokuwa inajengwa kijijini. Mwenye nyumba hatukumwona mpaka jioni tulipozirudisha. Akazikagua moja moja kama mtu anayenunua, akasema sawa, akaenda zake. Mama naye alituonyesha ulipo mlango wa kupitia vyombo, kule penye maji meusi, akatuambia tubebe nanga kwa miguu mpaka ukingoni pake wakati fungu lingali kavu, ili maji yakipanda tujivute wenyewe. Saa sita tulizongoja tulikula ming'oko, viazi vya mwituni, ya moto iliyoletwa kwenye bakuli lililofunikwa kwa kanga. Chumvi ilitoka kwetu, bila shaka, na bakuli halikurudi tupu.

Jua pia umepwelewa lini. Maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ukipanda fungu maji ya kilele cha bamvua, siku zinazofuata maji hayafiki tena kimo hicho, na unaweza kungoja karibu wiki mbili hadi bamvua nyingine. Hapo usimwombe mtu akusukume. Mwombe akusaidie kupakua mzigo.

Ukiingia bandari usiyoijua, piga hodi kabla hujawa na shida. Teremka, salimia wazee, mwone mwenyekiti wa kijiji au watu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa pwani yao, sema umetoka wapi na unakwenda wapi. Uliza kama kuna mwamba uliofungwa usivuliwe ili pweza wakue, usije ukatupa nanga juu yake. Upande wa Msimbati na mpakani na Msumbiji kwa jumla hili ni la lazima. Chombo kigeni kinachokuja usiku bila taa kinawatia watu hofu, na wana haki.

Simu ikae kwenye kopo lisiloingia maji, imezimwa, imejaa chaji. Unapopiga, namba ya dharura 112 au kwa jamaa wa pwani, usiseme "tuko karibu na Lindi". Sema unachokiona: mnara wa simu umeingia nyuma ya kilima gani, minazi iko upande gani wa mlango, maji yanakupeleka wapi. Wavuvi wetu hurudi kwenye mwamba uleule kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu. Wape alama, watakupata. Na baada ya Kimbunga Hidaya, Mei 2024, simwelewi nahodha anayeng'oa nanga bila kusikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Atakayetoka kumtafuta ana watoto pia.

Malipo yanasumbua wengi. Ukimtolea mtu noti mbele ya mabaharia wake umemwaibisha, na atakataa. Usipompa chochote, ametumia mafuta ya tajiri wake na jioni anaulizwa. Mimi najaza dumu, nalipeleka kwake au kwa kijana wake nikisema, "Mafuta ya mashine yenu haya." Hilo hupokelewa. Yule mzee wa jarife alipokea, akanusa kwanza.

Jambo la mwisho ni dogo na ndilo linalosahauliwa zaidi. Kabla ya kuondoka ulimwambia mtu wa pwani utafika saa ngapi. Ukifika, hata kama umechoka na mvua inanyesha, mpigie simu kabla hujalala, wasije wakashusha boti usiku kukutafuta.