Kabla ng'ombe hajaangushwa, ulizeni nani anachinja

Wanaotaka kupunguza vurugu za kidini huku kwetu Mbeya huanzia mbali mno. Kongamano linaitishwa, viongozi wanashikana mikono, picha zinapigwa, posho zinagawiwa, kila mtu anarudi kwake. Sina ugomvi na makongamano, chai yake huwa nzuri. Ila kwa miaka niliyokaa kwenye uongozi wa mtaa hapa Uyole, sijawahi kuletewa kesi ya Biblia na Kurani. Naletewa kesi za nyama, vipaza sauti na maiti.

Tuanze na nyama. Februari 2013 kule Buseresere, Geita, ubishi wa nani achinje ulifika mahali mchungaji akauawa. Aprili mwaka huohuo ukazuka Tunduma, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Mbeya kabla ya Songwe kukatwa 2016. Watu wakaingia barabarani, polisi wakapiga mabomu ya machozi. Na kabla ya hapo tulikuwa tumeishi kwa mazoea: Mwislamu anachinja, wote tunakula, hakuna anayeuliza. Mazoea ya namna hiyo hayana mtetezi siku mtu akisimama na kuuliza kwa nini.

Sisi Wanyakyusa msiba bila ng'ombe hatuujui. Kwenye msiba mmoja hapa mtaani marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na binti yake ameolewa na Mwislamu wa Mbalizi. Dume limeshafungwa kwenye mparachichi, akina mama wanamenya ndizi, mara vijana wakaanza: "Huu ni msiba wa Kikristo, achinje Mkristo!" Wa upande wa pili nao wakajibu. Sikubishana nao. Nilikwenda ndani kwa mfiwa.

"Mama, pole. Wakwe zako wa Mbalizi wamefika. Watakula nini?"

"Mwanangu, mkwe wangu ale wali mkavu kwangu? Nendeni mkamwite shehe."

Yakaisha. Baadaye nikafungua daftari la rambirambi. Wale waliokuwa wakipayuka, hakuna aliyetoa hata mia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: swali la mchinjaji liulizwe kwenye kikao, mapema, na ajibu mwenye shughuli. Kamati ya harusi imwandike mchinjaji kwenye bajeti kama inavyomwandika mpishi. Familia ikitaka kujichinjia yenyewe, ni haki yake, lakini itangaze, na wageni Waislamu watengewe kuku wao na sufuria yao. Kinachochoma watu ni kulishwa kwa siri.

Vipaza sauti ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mkutano wa injili ukiwa jirani na msikiti, mchungaji aende kwa shehe kwa miguu yake kabla jukwaa halijajengwa, wakubaliane muziki unyamaze saa ngapi kupisha magharibi. Shehe naye afanye hivyohivyo kukiwa na maulidi karibu na kanisa. Nisichokubali kabisa ni mihadhara ya kuchambua kitabu cha mwenzako ili watu wacheke. Ibara ya 19 ya Katiba inakupa uhuru wa kutangaza dini yako, na Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya kumshughulikia anayekashifu ya mwenzake kwa makusudi. Wenyeviti wa mitaa wengi wanalijua hilo, wanaogopa kura tu.

Halafu kuna habari zinazokimbia. Oktoba 2012 kule Mbagala watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea, na makanisa yakachomwa. Kesi ya watoto! Ilipaswa kuishia kwa wazazi na mwalimu wa madrasa. Siku hizi ingezunguka WhatsApp nchi nzima kabla wazazi hawajaitwa. Ndiyo maana nasisitiza shehe na mchungaji wa mtaa mmoja wawe wamezoea kupigiana simu kwa mambo ya kawaida, maji yamekatika, mtoto amepotea, ili siku ya jambo zito simu ipokelewe. Na kanisa likivunjwa spika zikaibwa, semeni wizi. Msitafute dini ya mwizi kabla hamjamkamata.

Maiti ndiyo kesi ngumu kuliko zote. Mtu alibadili dini, amefariki, shehe yuko mlangoni mwa mochwari, mchungaji naye yuko palepale, na ndugu wa tumbo moja hawasemeshani. Hapo hata mwenyekiti uwe hodari vipi, umechelewa. Dawa pekee niliyoiona ikifanya kazi ni mwenyewe kutamka akiwa mzima, mbele ya ndugu wa pande zote na majirani, anataka kuzikwa vipi, na iandikwe. Ukimwambia mtu hivyo hukasirika, anaona unamtabiria kifo. Mwambie tu.