Kamba ya miwani ya mama mkwe

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipokea. Hapa Moshi sisi wazima, ila mama yako bado anasumbuliwa na kifua tangu mvua zianze.

Kwenye ule ujumbe wako wa sauti umesema kamba ya shanga uliyomtungia mama mkwe imekatika mara mbili, na juzi akaikalia miwani aliyoiacha kwenye kochi. Sasa unauliza ufanyeje ili isikatike tena. Ningekupigia, lakini mambo ya uzi hayaelezeki kwa simu. Kaa usome polepole.

Nadhani ulitumia uzi wa pamba wa kushonea. Sikulaumu, hata mimi niliyezeeka kwenye cherehani nilianza na huohuo. Uzi wa pamba nauamini kwenye suruali, kwenye shanga hapana. Ushanga ni kioo, na mdomo wa tundu lake una ukali usiouona kwa macho. Miwani ikining'inia na kucheza kifuani kutwa nzima, uzi unasagika kidogo kidogo. Wangu ulikatikia kanisani wakati wa kutoa sadaka. Shanga zilimwagika mpaka miguuni kwa wanakwaya, watoto wakaacha foleni kwenda kuziokota. Mama yako ananicheka mpaka leo.

Tumia uzi wa nailoni wa nyuzi zilizosokotwa. Ukiikosa, fanya kama mama mmoja wa Kimaasai niliyemkuta anauza barazani: alichomoa nyuzi kwenye salfeti kuukuu, yaani gunia la plastiki, akazisokotea pajani, akaanza kutunga. Mshipi wa kuvulia samaki achana nao, hata wakikusifia. Ukikunjwa unabaki na makunyanzi, na fundo lake huteleza. Uzi wako uvute mara mbili tatu juu ya kipande cha nta ya nyuki, nyuzi zilale pamoja, kisha utunge ukiwa umeukunja uwe wa mara mbili.

Shanga nimekununulia mimi nilipokwenda Arusha. Hizi tunazoziita za Kimaasai, nyingi ya zile nzuri hutoka Jamhuri ya Cheki. Angalia namba, maana zitakuchanganya: sindano ya cherehani namba 16 ni nene kuliko namba 14, lakini ushanga namba 11 ni mdogo kuliko namba 8. Namba 11 ina upana wa milimita 2 hivi, na kamba moja itakula kama shanga 500. Mimi nimekuchukulia namba 8. Hizo 280 zinatosha, na tundu lake linapitisha uzi wa mara mbili bila ugomvi. Kabla ya kutunga, loweka chache kwenye maji ya sabuni usiku kucha, kisha zisugue kwa kitambaa cheupe. Kuna zenye rangi iliyopakwa juu tu, na mama mkwe wako na zile blauzi zake nyeupe hatakusamehe.

Urefu wa kawaida ni sentimita 70 au 75. Yeye mpimie 65, kwa sababu anapika akiinamia sufuria na sitaki miwani ionje mchuzi.

Kila ukifika vidole vitatu, piga kifundo kati ya ushanga na ushanga. Siku ikikatika, zitamwagika chache tu. Ila karibu na kila ncha acha kama shanga kumi bila kifundo, maana huko uzi utarudi. Na hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu karibu kila kamba ninayoletewa imeharibikia nchani, na mwenyewe anakuja kunionyesha maua aliyoyapanga katikati! Pitisha uzi mara mbili kwenye pete ya kile kimpira kinachoshika mkono wa miwani. Urudishe ndani ya shanga tano, uzungushe kwenye uzi mkuu ufunge, uingie tena kwenye shanga tatu, ufunge tena, upite mbili za mwisho ndipo ukate. Fundo la kwanza lipitishe mara mbili kabla ya kukaza. Usilichome kwa kiberiti. Nailoni ikiungua inakuwa ngumu na inakatikia hapohapo.

Usije ukaona vimpira ni upuuzi ukafunga uzi moja kwa moja kwenye mkono wa miwani. Nilifanya hivyo mimi, nikajisifu kwamba kamba yangu haikatiki. Kweli haikukatika. Mjukuu alipoidaka akiwa mapajani kwangu, mkono wa miwani ulivunjikia kwenye bawaba, na shingo ikaniuma siku mbili. Kimpira kinatakiwa kishike, lakini kikivutwa kwa nguvu kichomoke chenyewe. Kijaribu kwa kutikisa miwani juu ya kitanda: isianguke ukitikisa, ichomoke ukivuta.

Shanga, uzi na jozi mbili za vimpira natuma kwa basi la Jumatano, kwenye kopo la majani ya chai lililofungwa kwa kitambaa cha bluu. Sindano nimeichomeka kwenye hicho kitambaa, fungua taratibu. Jozi moja ya vimpira ni ya akiba, maana vikipigwa sana na jua hulegea. Mwambie mama mkwe nampa pole ya miwani.

Baba yako