Kila nesi ananiuliza jina, hawanijui?

SWALI: Shikamoo dokta. Nasubiri oparesheni ya ngiri hapa Moshi, sasa kila nesi akija ananiuliza jina na napasuliwa wapi, mwingine kanichora na makapeni upande wa kulia, wifi yangu anasema hao hawajui kazi nihame. Nifanyeje?
Mama wa Majengo

JIBU: Marahaba mama, usihame! Hao ndo wanaojua kazi. Maswali hayo yamo kwenye orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, ina vipengele 19, wanaipitia kabla ya nusu kaputi, kabla ya kukata na kabla hujatoka thieta, hapo wanahesabu mpaka vitambaa na sindano. Ilijaribiwa kwenye hospitali za miji 8 duniani, Ifakara yetu ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, sio kidogo hiyo jamani. Kwa hiyo jibu kila ukiulizwa hata kama umechoka, taja aleji na dawa zote unazotumia zikiwemo za mitishamba, wengi wanazificha na ni hatari kweli. Alama usiifute ukioga, na kama upande waliochora sio wenyewe sema hapo hapo, usiogope eti utaonekana mjuaji.