Kabla hujapaka rangi Prado ya zamani, njoo nikuambie ya Kitonga

Jumatatu usiku nimekuta meseji ya dogo mmoja: "Shikamoo kaka, nimepata Prado 90 namba B, injini 1KZ, imesimama miaka minne, jamaa anataka milioni 9, rangi imechoka kidogo ila injini anasema iko safi, nichukue?" Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kuna nini, halafu kicheko kikakata, maana hayo maneno ya "injini iko safi" niliyanunua mimi mwaka 2021 kwa milioni 7.2.

Nimechelewa kumjibu kwa sababu wiki iliyopita tulikuwa safari, Dar mpaka Njombe na kurudi, watu sita na gunia mbili za viazi juu ya keria, na nitafika hapo kwenye kujisifu, subirini. Ila tuanze na aibu kwanza.

Yangu ni ya mwaka 1998, KZJ95, ile ya milango mitano. Ilikuwa imelala chini ya mwembe Morogoro kwa mzee mmoja mstaafu, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma, panya wamekula waya za upande wa dashibodi. Tukaweka betri ikawaka kwa mara ya tatu, moshi kidogo, nikasema hii ndo ngoma ya Mjapani, haifi. Nikalipa palepale. Hata kifuniko cha rejeta sikufungua.

Na hapa nakiri kosa langu, maana najua nyie mnaonisoma mna ndoto ileile ya kupaki Prado mbele ya nyumba watu waseme fulani kafika. Kazi ya kwanza niliyofanya ni rangi, milioni 1.8, nyeusi ya kung'aa. Ya pili rimu na matairi mapya, milioni 2.4. Ya tatu siti kava na redio ya skrini kubwa, laki sita. Milioni 4.8 imeenda na hakuna mtu aliyegusa hata bolti moja ya injini zaidi ya kumwaga oili. Pale mtaani nilijiona mwamba kweli.

Desemba tukaenda ukweni Njombe. Morogoro safi, Mikumi tunatembea taratibu maana wanyama na faini mnazijua, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu. Tukaanza kupanda Kitonga, ule mlima wa kona kali kuelekea Iringa, nyuma ya semi imebeba makontena, inaenda kwa gia ya kwanza, huwezi kupita, AC imewashwa, watoto wanaimba. Mshale wa temperecha uko katikati, umetulia. Kona ya tatu au ya nne hivi mshale ukanyanyuka ghafla kama umesukumwa na mtu, na kabla sijapata pa kusimama nikasikia "puuu", mvuke bonet nzima.

Sasa mnisikilize. Mshale wa gari nyingi za Toyota umetengenezwa usimtie dereva hofu, unakaa katikati hata joto likipanda na kushuka sana, na siku ukiuona unapanda ujue hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda, imeshaiva. Hedi ya 1KZ ni aluminiamu imekalia bloku ya chuma cha kawaida cha kuyeyushwa, na hivyo viwili vikipata moto havitanuki sawasawa, hedi inapinda au inapata ufa katikati ya valvu. Hiyo injini ya lita 3 ina nguvu na uvumilivu wote mnaousikia, lakini ugonjwa wake ni huo mmoja, joto, na kila fundi wa Gerezani pale Dar anaujua.

Basi tupo pembeni ya mlima, mama watoto kakaa kwenye jiwe na kanga kichwani, haongei. Ikapita IST ya shemeji. Shemeji mdogo, yule ambaye mwezi mmoja nyuma nilimwambia hako kagari kako ni ka kwendea sokoni. Akasimama, akatupa pole, akachukua familia yangu, na kabla hajaondoka akapiga picha Prado yangu nyeusi inayong'aa imefungua mdomo. Picha ilifika kwenye grupu la familia kabla sijapata mtu wa kunivuta. Mpaka leo nikiikumbuka ile picha natamani kurudisha simu yake nyuma kwa mkono.

Fundi wa kwanza aliyeitengeneza alichukua laki tisa. Aliniambia kasaga hedi mashineni na kaweka gasketi mpya, na kwa kuwa "huku kwetu ni joto bosi, hii haina kazi" akatoa themostati kabisa, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakipata moto, akanikabidhi mkononi kama mtu anayekurudishia chenji. Na mimi nikashukuru! Wiki tano baadaye mipira ya rejeta ikawa inakuwa migumu kama ya jiwe asubuhi gari ikiwa imelala baridi, nikifungua kifuniko na kuwasha naona mapovu yanatoka. Hiyo maana yake moto wa kwenye silinda unapenya kwenye maji. Fundi mwingine alipofungua akanionyesha ufa ulikuwa umechomelewa na kusuguliwa, kisha ukafunikwa na gasketi mpya. Simtaji, yeye anajijua, na namba yangu kaiblock.

Themostati wala haiwekwi kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Kwenye injini hii ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ili maji ya moto yote yapite kwenye rejeta yapoe. Ukiitoa, sehemu ya maji inajirudia injini bila kupoa, yaani umelipa hela ili gari ichemshe. Ukimkuta fundi anakutolea themostati, chukua funguo yako.

Ndo nikakaa chini, nikauza zile rimu, nikaanza upya, na safari hii nikaanza na maji. Rejeta mpya kabisa, sio ya kuzibuliwa. Kwa nini mpya? Kwenye rejeta ya gari ya automatiki mafuta ya gia boksi yanapita ndani ya tanki la chini ili yapoe, na likitoboka kwa kutu, maji na mafuta yanachanganyika yanakuwa rangi ya maziwa ya ubuyu, hapo umeua na gia boksi juu ya hedi. Ya kwangu ilikuwa imeliwa mpaka ukigusa na bisibisi inapukutika, miaka yote ilikuwa inajazwa maji ya bomba. Wota pampu mpya, themostati mpya, mipira yote mipya pamoja na ile midogo ya hita, na mabomba ya chuma yanayokwenda hita ya nyuma ambayo hakuna mtu anayaangalia maana yako chini ya gari, yangu yalikuwa na tundu mbili zimezibwa kwa gundi. Feni klachi nayo, ile inayoshika feni ya rejeta. Ndani ina mafuta ya silikoni, yakivuja feni inazunguka kivivu. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kama pia ya mtoto imekufa. Kuna wanaoichomelea izunguke muda wote, sitaki hata kuongea.

Hedi nilinunua mpya, milioni 1.9, nikafumba macho. Na kwa kuwa mbele kulikuwa wazi, nikabadilisha taimingi belti, ule mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja, na tenshona yake inayoukaza. Kwenye dashibodi za hizi gari kuna taa imeandikwa T-BELT, inawaka ikifika kilomita 100,000, na watu wanachofanya ni kuizima tu gari iuzike. Belti ikikatika pistoni zinagonga valvu. Kwa hiyo usiulize belti ilibadilishwa lini, badilisha. Mwisho nikaweka kulanti halisi, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji safi, na geji ndogo ya pembeni yenye sensa iliyofungwa kwenye hedi, inapiga kelele joto likizidi. Ile geji ni bei ya chakula cha familia hotelini siku moja na ndo spea ninayoipenda kuliko zote kwenye gari.

Hayo yote na kazi ya fundi milioni 5.4. Piga hesabu, jumla ni milioni 18.3 na bado sijataja breki.

Breki na miguu nitapita haraka maana hakuna stori. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, yaliyolala miaka minne mwaga yote. Bolujointi za chini mbele, vile viungo vinavyoshika tairi, kwenye Prado 90 badilisha hata kama fundi anasema bado, ikichomoka tairi inalala ubavu ukiwa spidi. Dizeli ya zamani mwaga na tanki lioshwe. Tairi angalia ile namba ya tarakimu nne ubavuni, 2309 ni wiki ya 23 mwaka 2009, hata kama meno yake yanaonekana mapya hiyo ni mzee. Oili za difu zote mbili na transfa, watu wanasahau.

Nawaambia vijana, mnapenda sana kuanza na kinachoonekana. Mtu ana milioni 9 mfukoni ananunua gari ya milioni 9! Kama huna nyingine kama hiyo pembeni, nunua ya milioni 5, au endelea na bodaboda, hakuna aibu. Maji kwanza, halafu belti, halafu breki, rangi mwisho kabisa. Narudia, maji kwanza. Mimi sasa hivi yangu imechubuka mlango wa kushoto na sijaigusa mwaka mzima.

Wiki iliyopita nimepanda Kitonga saa saba mchana, nyuma ya semi tena, watu sita, AC ya juu. Geji yangu ilicheza digrii nne tu toka chini mpaka juu. Pale juu nikasimama makusudi, nikafungua bonet ingawa hakukuwa na cha kuangalia, nikapiga picha na kuirusha kwenye grupu la familia. Tiki mbili za bluu kwa shemeji, kimya mpaka leo.

Sasa dogo, jibu lako. Mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye bonet, ikiwa ya uvuguvugu geuza urudi nyumbani. Ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, chovya kidole, ukiona rangi ya kutu au utelezi wa mafuta mpe milioni 5 au mwage. Muulize akuonyeshe themostati iko wapi. Na kama ni ile ya kijani iliyopaki nyuma ya ukuta wa shule huko Mbezi, nimeshaenda kuiona, mpira wa juu wa rejeta kafunga kipande cha hozi ya bustani. Achana nayo.