Kabla Hujahesabu Seli, Uliza Panya Kalala Wapi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye maabara ya kinga ya utumbo nilipata matokeo mazuri kupita kiasi. Nilikuwa na panya waliokosa jeni moja na wengine wa kawaida. Kwenye utando wa utumbo wa wale wa kwanza, kundi fulani la seli T, askari wa kinga ya mwili, halikuwepo kabisa. Nikarudia mara tatu, nikapata vilevile, nikaanza kuandika makala kichwani. Siku moja mzee anayetunza panya, ambaye hajawahi kukaa kwenye mkutano wetu hata mmoja, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hawa si wanatoka vyumba viwili tofauti?" Sikuelewa swali linahusu nini. Nilipowazalisha upya ili wenye jeni na wasio nayo wazaliwe na mama mmoja na wakulie kizimba kimoja, tofauti yote ikayeyuka. Jeni haikuwa na hatia. Miezi mitano imekwenda na maji.

Wewe unayeanza, sikutakii miezi hiyo mitano.

Laiti ningesoma historia ya fani yangu, ningestuka mapema, maana kosa langu kwa wenzetu lilikuwa ndio mwanzo wa ugunduzi. Kikundi cha Dan Littman, New York, kiliona kwamba panya wa ukoo mmoja walionunuliwa kwa wafugaji wawili hawafanani utumboni. Wa Taconic walikuwa na seli T nyingi zinazotoa intaleukini-17, kemikali ya kuashiria ya kinga, zile tunazoziita Th17. Wa Jackson walikuwa nazo chache mno. Wakawaweka kizimba kimoja, na wale waliokosa wakazipata. Panya hula mavi ya wenzao, kwa hiyo kulala pamoja ni kuambukizana bakteria. Mwaka 2009, Ivaylo Ivanov na wenzake wa kikundi hicho wakamtaja mhusika: bakteria mrefu kama uzi wenye pingili, kwa kifupi SFB, anayejishikiza kwenye ukuta wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mwaka huohuo kikundi cha Paris kikafikia bakteria huyohuyo kwa njia yake.

Kisa ninachowasomesha wanafunzi zaidi, hata hivyo, ni cha St. Louis, Marekani. Kwenye maabara ya Marco Colonna, Luisa Cervantes-Barragan alikuwa akichunguza seli T zinazokaa katikati ya seli za utando, zenye alama mbili kwa pamoja, CD4 na CD8. Kazi yao ni kutuliza, kuuzuia mwili usivishambulie chakula na vijidudu wakazi wa kawaida wa utumbo. Panya wake wa nyumba moja ya wanyama walikuwa nazo, wa nyumba nyingine hawakuwa nazo, ilhali ukoo ni mmoja. Mtu mvivu angebadilisha chumba akaendelea na kazi. Yeye alifuata uzi mpaka mwisho. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote hawakuwa na seli hizo. Bakteria aliyehitajika akatambuliwa: Lactobacillus reuteri. Kisha likaja swali ambalo wengi hulikwepa: anafanyaje? Jibu, lililochapishwa 2017, ni kwamba bakteria huyu huchukua triptofani, asidi amino iliyomo kwenye mayai, kuku, karanga na mbegu, akaigeuza kuwa kemikali za jamii ya indoli. Kemikali hizo hugusa kipokezi kiitwacho AhR ndani ya seli T yenye CD4. Hapo protini ThPOK, inayoishikilia seli kwenye ukoo wake wa CD4, hushuka, na seli hubadili tabia. Chakula chenye triptofani nyingi kiliziongeza seli hizo, chenye kidogo kikazipunguza.

Tazama ngazi hiyo. Tofauti imeonekana, panya wasio na vijidudu wamepimwa, mhusika ametambuliwa, kemikali imepatikana, kipokezi kimepatikana. Makala nyingi utakazosoma huishia ngazi ya kwanza: bakteria fulani wameongezeka, seli fulani zimepungua, basi wale ndio waliozipunguza hizi. Hapana. Huenda ni ugonjwa uliowabadilisha bakteria. Na hata hao wa St. Louis hawakusema L. reuteri anaweza peke yake; anahitaji wakazi wengine. Ukiona kopo dukani linalodai kuponya utumbo kwa bakteria mmoja, kumbuka hilo kabla ya kutoa pesa.

Panya watano wa kizimba kimoja ni kama watu watano waliokula sinia moja la pilau. Wote wakiharisha, hujapata ushahidi mara tano. Hesabu vizimba. Msimamizi wako atalalamika kuhusu gharama, mwache alalamike.

Sasa mezani. Utumbo hauna subira: seli zake hufa upesi, kwa hiyo barafu iwe tayari kabla hujamgusa panya. Ondoa mafuta yote. Kata mabaka ya Peyer, vile vinundu vyeupe vinavyoonekana kwa macho kwenye utumbo mwembamba. Ukisahau kimoja, seli B, aina nyingine ya seli za kinga, zitafurika kwenye sampuli nawe utadhani umegundua jambo. Pasua kwa urefu, osha mpaka maji yawe safi. Kisha tikisa kwenye EDTA, kemikali ya kuubandua utando, kwa nyuzi 37. Seli zinazokaa ndani ya utando hutoka na maji hayo, basi usiyamwage! Kila mwaka kuna anayeyamwaga, na mwaka mmoja alikuwa mimi. Tishu iliyobaki, lamina propria, yaani tabaka la chini ya utando, ndiyo unayoikatakata na kuitia kolajenasi, kimeng'enya cha kuilegeza tishu. Usiizidishie muda, maana kimeng'enya hicho hula baadhi ya alama zilizo juu ya seli, halafu mashine ya kuhesabu seli ikuambie hazipo. Na usithubutu kupima bila rangi ya kutenga seli zilizokufa. Seli mfu hushika kingamwili zozote za kutambulisha alama utakazozitia.

Kuna maneno ya kuacha mlangoni. Moja ni "bakteria wazuri na wabaya". SFB huyohuyo anayemsaidia panya kupambana na Citrobacter rodentium, bakteria wa maradhi ya utumbo, humzidishia baridi yabisi panya aliyeelekea kuipata. Sasa yeye ni mzuri au mbaya? La pili ni kwamba bakteria wetu wanazidi seli zetu kumi kwa moja. Hesabu hiyo ilirekebishwa 2016: ni bakteria wapatao trilioni 38 kwa seli zetu zipatazo trilioni 30. Karibu sare, na ukienda choo asubuhi matokeo yanaweza kugeuka.

Utaulizwa pia, hasa na ndugu nyumbani, haya ya panya yanatuhusu nini. Waelekeze Kilimanjaro. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walitoa jaribio la wanaume 77. Wa vijijini waliokula vyakula vya asili walihamishiwa vya kimagharibi kwa wiki 2, wa mjini wakafanya kinyume chake, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi ya huko, kwa wiki 1. Chakula cha kimagharibi kilipandisha dalili za uvimbe wa ndani kwenye damu. Cha asili na mbege vilizishusha. Furahi, lakini soma kama mwanafani: walipima damu, hawakukwangua utando wa utumbo wa mtu. Nani alikuwa akizungumza na nani kule chini, damu haisemi. Nafasi hiyo ipo wazi, nami ningependa ijazwe na mtu anayeijua mbege kwa ladha yake.

Jambo la kufanya kesho asubuhi: kabla ya jaribio lolote, chukua punje mbili za mavi ya kila panya, zigandishe kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, hata kama huna mpango nazo. Andika tarehe, chumba na namba ya kizimba kwa penseli. Wino ukiguswa na ethanoli hufutika, na mimi nina kopo zima la mavi yasiyo na mwenyewe.