Jibu: Mwalimu anamshikia maksi mdogo wangu, je, sera ya chuo inasaidia kweli?

Dada uliyeanzisha uzi, pole, na mpe pole mdogo wako. Nimesoma majibu ya hapo juu na mengi yanamwambia avumilie kwa kuwa amebakiza mwaka mmoja. Kwa wanaoingia sasa: mdogo wake huyu dada yuko mwaka wa tatu, anasomea mambo ya hoteli, maksi zake za somo moja hazionekani, na mwalimu wa somo hilo anamwandikia aje Malindi wikendi "wazungumze". Mjomba wao anataka kumfuata mwalimu nyumbani kwake yaishe kimya kimya. Dada anauliza kama ile sera ya chuo dhidi ya unyanyasaji ina kazi yoyote au imewekwa kupamba tovuti.

Ina kazi, ila haijiendeshi. Inaanza kutembea siku barua yenye tarehe inapopokelewa ofisini na nakala yako kugongwa muhuri. Nilipokuwa chuo nilikaa kwenye kamati ya malalamiko kama mwakilishi wa wanafunzi, na sasa nina duka la kuchapa na kufotokopi hapa Malindi, si mbali na mahakama. Barua za namna hii zinanifikia zikiwa bado za moto.

Kwanza tenganisheni maksi na usumbufu. Barua ya maksi iende kwa mwenyekiti wa idara, nakala ofisi ya mitihani, na iseme tu kwamba mwanafunzi fulani, namba fulani ya usajili, alifanya mtihani wa somo fulani tarehe fulani na matokeo hayaonekani. Kama alitia saini karatasi ya mahudhurio siku ya mtihani, aitaje. Neno la mwalimu kumtongoza lisiingie humo. Ukiyachanganya, idara itasema suala liko kwenye kamati, tusubiri, na msichana atasubiri hadi wenzake wavae joho. Tena mwalimu atapata la kusema: huyu alifeli, anatafuta kisingizio. Barua ya pili, ya usumbufu, ndiyo iende kwa ofisi iliyotajwa ndani ya sera. Vyuo vingine ni mkuu wa masuala ya wanafunzi (dean), vingine vina ofisi ya jinsia. Aisome sera mwenyewe, asiambiwe na rafiki.

Sasa ushahidi, maana hapa ndipo nilipoona kesi nzuri zikilegea. Kuna msichana alileta picha za skrini mbele yetu, ujumbe mchafu usio na shaka. Juu ya kila picha paliandikwa "Mwalimu wa Takwimu", jina alilolisevu yeye mwenyewe. Mwenyekiti akauliza, tutajuaje kuwa ni yeye? Namba haikuonekana popote. Kikao kikaahirishwa ili simu iletwe, na mwalimu akapata muda wa kujipanga. Kwa hiyo mdogo wako afungue maelezo ya ile namba, apige picha namba ikionekana, kisha ujumbe wenyewe na tarehe zake. Asifute kitu kwa hasira, hata yale aliyojibu yeye kwa upole. Watu wengi wanaona haya kwa sababu walijibu "sawa sir" au waliweka kicheko. Kamati yenye akili inajua mwanafunzi humjibu vipi mtu aliyeshika maksi zake. Na tafadhali asizitupe picha hizo kwenye grupu la darasa. Zikishasambaa, mwalimu ndiye atakayegeuka mlalamikaji.

Tarehe zina sababu nyingine ya kisheria. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006 kinamhusu mtu mwenye mamlaka, au mtumishi wa umma, anayemsumbua mtu kwa kumtaka kimapenzi mara kwa mara huku akijua, au akiwa na kila sababu ya kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Hilo "mara kwa mara" ndilo mawakili wanalong'ang'ania. Ujumbe mmoja watauita utani, lakini mlolongo wa wiki kadhaa, huku maksi zikiendelea kukosekana, hauna jina hilo. Sera za vyuo kwa kawaida ni pana kuliko sheria hiyo: chuo kinaweza kumwadhibu mwalimu kwa kitendo ambacho hakijafikia kiwango cha kumfunga mtu. Ndiyo maana nasema aanze na chuo hata kama polisi watafuata baadaye.

Tuje kwa mjomba. Simdharau, na najua kwetu jambo la binti likitoka nje linaonekana limeharibika. Lakini mjomba akienda nyumbani kwa mwalimu, anampa hadithi bure. Nimesikia kwa masikio yangu mwalimu akiiambia kamati kwamba familia ilimfuata kutaka pesa. Mwingine alikuja na ile ya kwetu hasa: alikuwa na nia njema, alitaka kumposa, na wazee walishaanza kuzungumza. Ukumbi ukalegea, mjumbe mmoja mzee akaanza kutabasamu. Bahati nzuri mwanasheria wa chuo alikuwepo, akafungua sera na kuuliza swali moja tu: siku ulipoandika ujumbe huu, nani alikuwa anasahihisha karatasi za huyu binti? Kimya. Mwenye nia ya posa angekabidhi karatasi zisahihishwe na mwenzake, kisha apeleke wazee wake mchana kweupe. Hamwiti mtu hotelini wikendi.

Na mjomba ajue hili pia. Jambo likishafika polisi kama kosa la ngono, familia haina uwezo wa kulifuta kwa maelewano. Kifungu cha 40 cha sheria ile ile kiliacha uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu katiba ya 2010 mashtaka yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kama anataka kusaidia, amsindikize binti siku ya kupeleka barua, akae pale nje kwenye benchi. Mzee aliyevaa kanzu yake safi akikaa nje ya ofisi ya dean, karani hatasema "rudi kesho". Sifanyi mzaha, nimeliona.

Kuna aliyeshauri barua isiyo na jina. Hiyo inaweza kukifanya chuo kianze kuchunguza, lakini haitamfikisha mtu kwenye kikao, maana mshtakiwa ana haki ya kujua anashtakiwa na nani kwa lipi ili ajitetee. Kinachotakiwa ni usiri. Barua iwe na jina, na ndani yake aombe mambo mawili kwa maandishi: jina lake lisitoke nje ya wanaohusika, na kazi zake zote zisahihishwe na mwalimu mwingine hadi shauri liishe. Hilo la pili wengi hawaliombi, kisha wanashangaa wanapofelishwa muhula unaofuata.

Kwa kuwa anasomea hoteli, nadhani atakuja Malindi au Watamu kwa mafunzo ya kazini. Huko mkono wa chuo ni mfupi. Ila Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, ikieleza malalamiko yapelekwe wapi. Hoteli kubwa hazina udhuru. Aiulizie siku ya kwanza kama anavyouliza saa za chakula.

Aliyegusia habari ya niqabu kwenye chumba cha mtihani angefungua uzi wake, ila kwa ufupi: ibara ya 27 ya katiba inakataza ubaguzi na imetaja mavazi waziwazi, pamoja na dini, kabila, ulemavu, ujauzito na mengineyo. Kutambuliwa kabla ya mtihani ni lazima. Kutambuliwa na mwanamke, pembeni, ni ombi la haki.

Chuo kikinyamaza, aandike barua ya kukumbusha akinukuu ibara ya 47, inayompa haki ya utendaji wa haraka na wa haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukimwumiza. Kama ni chuo cha umma na bado hawajibu, apeleke nakala zake zenye muhuri kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala. Hawatozi pesa. Na likitokea, Mungu apishe mbali, la kumgusa au kumlazimisha, mpango wote huu uwekwe kando. Hospitali kwanza, ndani ya saa 72 kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, nguo zisifuliwe, kisha dawati la jinsia kituoni. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure, saa yoyote.

Usilitaje jina la chuo wala la mwalimu hapa jukwaani. Mdogo wako aandike tu mambo kwa mpangilio wa tarehe, hata kwa biro kwenye daftari, bila kumwita mtu shetani. Akishamaliza anitumie faraghani, nitamchapia, wala sihitaji malipo.